Karanga za Cajun: pilipili huingia moto ukishazimwa

Ukiendesha gari kusini mwa Georgia kuanzia mwezi wa nane, vibao vinakufuata barabara nzima: kipande cha ubao, rangi nyekundu, na tangazo la karanga za kuchemsha. Nyuma ya kibao kuna turubai, jiko la gesi na sufuria kubwa inayofuka mvuke. Ukiingia sheli kujaza mafuta, pembeni ya mashine ya kahawa utakuta sufuria mbili za umeme, zile za moto mdogo zinazoshinda zikitokota tangu asubuhi. Ya kwanza ni ya chumvi tupu. Ya pili imebandikwa karatasi iliyoandikwa Cajun, jina la watu wa Louisiana na upishi wao, na maji yake ni mekundu, yana mafuta yanayong'aa juu, yananukia karafuu, kitunguu saumu na pilipili kwa mpigo mmoja. Unachota kwa upawa, unajaza kikombe, unafunika, unalipa.

Nimekulia Dodoma, kwa hiyo karanga ya kuchemsha haikuwa jambo geni kwangu. Kwetu zinang'olewa asubuhi, zinakung'utwa udongo, zinaoshwa maji mawili matatu, zinachemshwa na chumvi, na jioni watu wanakaa kuzunguka ungo mmoja wanamenya na kupiga soga. Wamarekani wa majimbo ya kaskazini ndio wanaoshangaa kusikia karanga inaweza kuchemshwa. Wao wameizoea ya kukaangwa na ya kupaka kwenye mkate. Kilichonishika mimi hapa Georgia ni ile sufuria ya pili. Sikuwa nimewahi kuona karanga iliyobeba viungo hadi ndani ya punje, ukaiminya kwa meno na mchuzi wenye pilipili ukamwagika ulimini kabla hujaanza hata kutafuna.

Tangu hapo nimekuwa nikizipika nyumbani kila msimu, na nimesoma mapishi mengi kuhusu karanga hizi. Karibu yote yanahangaika na mambo mawili: kiasi cha pilipili na saa za kukaa motoni. Mimi naona yanaweka uzito pasipo penyewe. Moto unalainisha karanga tu. Ladha inaingia baadaye, jiko likiwa limezimwa, karanga zikiwa zimelala kwenye maji yake. Hilo ndilo nataka kulieleza vizuri, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliileta Afrika katika karne ya 16, kisha ikavuka bahari tena kwenda Amerika ya Kaskazini, safari hii ndani ya meli za watumwa. Afrika iliipokea kwa urahisi kwa sababu ilikuwa tayari na ndugu yake: njugu mawe. Njugu mawe nayo huzaa ardhini, nayo ina ganda, na mtu yeyote aliyekulia Dodoma, Singida au Shinyanga anajua inaliwaje ikiwa mbichi: unaichemsha na ganda lake, unatia chumvi, unamenya. Afrika Magharibi walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Karanga ilipofika, waliitia kwenye chungu kile kile.

Ndiyo maana siikubali ile simulizi maarufu ya Kusini mwa Marekani kwamba karanga za kuchemsha zilibuniwa na askari wa majimbo yaliyojitenga, walipoishiwa chakula katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Kwamba askari walizila, sina ubishi. Ila mikono iliyojua kuchemsha mbegu ya ardhini ndani ya ganda lake ilikuwa imeshafika Georgia na Carolina muda mrefu kabla ya vita hiyo, na ilikuwa mikono ya Waafrika waliotekwa. Kila ninapofunika sufuria yangu nalikumbuka hilo, na ninawaambia wanangu.

Kwa muda mrefu karanga ilihesabiwa chakula cha watumwa, cha maskini na cha mifugo, kisha mdudu mmoja akaibadilisha historia. Fukusi wa vitumba vya pamba aliingia Marekani kutoka Meksiko mwishoni mwa karne ya 19, akala mashamba ya pamba ya Kusini jimbo baada ya jimbo. Wakulima wa wilaya ya Coffee, Alabama, waligeukia karanga na wakapata fedha kuliko walizopata kwenye pamba, hata mwaka 1919 mji wa Enterprise ukamjengea mdudu huyo mnara katikati ya barabara. Upo hadi leo. Katika jimbo hilo hilo, George Washington Carver, mwanasayansi aliyezaliwa utumwani, alikuwa akifundisha katika chuo cha Tuskegee, na mwaka 1916 akatoa kijitabu cha wakulima chenye njia 105 za kuandaa karanga. Na Jimmy Carter, kabla ya kuwa rais, kabla hata ya kuwa mkulima wa karanga, alikuwa mtoto mdogo anayeuza karanga za kuchemsha mitaani katika mji wake wa Plains, Georgia. Leo Georgia peke yake hutoa karibu nusu ya karanga zote za Marekani, na South Carolina ilizitangaza karanga za kuchemsha kuwa kitafunwa rasmi cha jimbo mwaka 2006.

Sasa Cajun inaingilia wapi? Hao ni wazao wa walowezi wa Kifaransa waliokuwa Acadia, eneo la pwani ya mashariki ya Kanada ya leo. Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755, familia zikatawanywa huku na huko, na wengi wakaishia kwenye vinamasi vya kusini mwa Louisiana. Huko walijifunza kula kilichokuwapo, na walijifunza kwa Waafrika na kwa wenyeji wa asili waliowakuta. Sherehe yao kubwa ya majira ya kuchipua ni sufuria la kamba wadogo wa maji baridi: maji, chumvi, mfuko wa viungo, limau, vitunguu saumu vizima, viazi, mahindi, vyote humo humo. Vikiiva vinamwagwa mezani juu ya magazeti na watu wanakula wamesimama.

Karanga za kuchemsha zenyewe ni za Georgia, Carolina, Alabama na Florida zaidi kuliko za Louisiana. Watu wa barabarani waliazima mfuko wa viungo wa Cajun, wakautia kwenye karanga, na ladha zikapatana. Lakini wapishi wengi wa nyumbani waliazima viungo wakaacha nusu ya ujuzi. Mpishi wa Cajun hawaachi wale kamba motoni muda mrefu. Anawachemsha dakika chache, anazima moto, kisha anawaacha ndani ya maji yale, wakati mwingine nusu saa, akionja mmoja mmoja hadi viungo viingie. Analoweka. Hilo ndilo la kuazima.

Tuje kwenye karanga zenyewe.

Zinazotakiwa ni mbichi hasa, zilizong'olewa siku chache zilizopita na hazijaanikwa. Ukiitikisa karibu na sikio, karanga ya namna hiyo haitoi sauti, kwa sababu punje imejaa ndani na ina maji mengi. Mimi huzipata soko la wakulima la jimbo lililoko Forest Park, nje kidogo ya Atlanta, au kwa wauzaji wa barabarani. Jirani yangu ni mzee aliyezaliwa na kukulia mashambani kusini mwa Georgia, na yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuchagua. Hachukui tu zile kubwa. Anaokota moja, anaibana kwa kidole gumba kwenye ncha pale maganda mawili yanapokutana, inafunguka kwa mlio mdogo, kisha haangalii punje. Anaangalia ukuta wa ndani wa ganda. Ukiwa mweupe na laini kama sponji, karanga bado ni changa. Ukiwa umeanza madoa ya kahawia, imekomaa. Akasema kwa kuchemsha anataka mchanganyiko: nyingi ziwe zinaanza madoa, na chache ziwe changa kabisa, zile ambazo punje yake ni kitone tu. Hizo changa zikiiva zinaliwa na ganda lake, na ganda limenyonya mchuzi wote. Nyumbani kwangu watoto huzigombania.

Aina nazo zina maana. Valencia ina punje tatu au nne ndogo ndani ya ganda moja, ngozi nyekundu na utamu wake wa asili. Hiyo ndiyo niipendayo kwa Cajun, maana utamu unaupoza ukali. Virginia ni kubwa, inapendeza machoni, ila inahitaji muda zaidi ili viungo vifike katikati. Ukikuta nyingine yoyote, pika. Muhimu iwe mbichi na iwe safi.

Kuhusu usafi sitaki kupita haraka, hasa kwa wasomaji wa nyumbani. Karanga yenye ukungu, iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo itupe. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Unaweza kuipika kutwa nzima na sumu ikabaki pale pale. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa mara mbili: mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na kuvu hiyo. Karanga mbichi zenye maji ndizo zinazoharibika upesi, kwa hiyo usizifungie kwenye mfuko wa plastiki ukaziacha jikoni. Ziweke kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi au wa wavu, na uzipike ndani ya siku mbili tatu.

Zioshe hadi maji yawe safi. Karanga za udongo mwekundu wa Georgia zinatoa maji mekundu kwelikweli, na za udongo wa kichanga zinaacha mchanga kwenye mikunjo ya ganda. Zisugue kwa viganja. Mchanga ukibaki utausikia kwenye meno, na hakuna kiungo kinachouficha.

Kwa kilo mbili za karanga mbichi na maganda yake natumia maji lita tano na chumvi gramu 250. Chumvi hiyo ukiiona kwenye bakuli utaogopa, ila kumbuka inapaswa kupenya ganda na kuifikia punje, na sehemu kubwa itabaki kwenye maji. Baada ya hapo vinakuja viungo, na hapa nina msimamo: viungo vizima vitangulie, vya unga vifuate. Louisiana wana mifuko iliyokwisha tayarishwa kwa ajili ya kuchemshia kaa na kamba. Ule wa Zatarain's, kampuni iliyoanza New Orleans mwaka 1889, una haradali, mbegu za giligilani, pilipili kali, majani ya bay, mbegu za dill, allspice na karafuu. Ukisoma orodha hiyo unaona kwamba mtu wa pwani yetu anaweza kuutengeneza mwenyewe bila kuagiza kitu. Mimi huchukua haradali vijiko vitatu vikubwa, giligilani vitatu, mbegu za dill kimoja, allspice kijiko kidogo kimoja na nusu, karafuu kijiko kidogo kimoja, majani ya bay sita, na pilipili nyekundu kavu kiganja kizima, nikizivunja katikati. Allspice ni zile punje za mviringo za kahawia zinazonukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, Zanzibar zinalimwa. Usipozipata, ongeza karafuu kidogo na kijiti cha mdalasini, inatosha. Vyote navifunga kwenye kitambaa chepesi cha pamba ili visigande kwenye maganda.

Ndani ya maji naongeza vichwa viwili vya kitunguu saumu, nimevikata katikati bila kumenya, na vitunguu maji viwili vilivyopasuliwa robo. Halafu unga: paprika vijiko vikubwa viwili kwa rangi na harufu, pilipili ya unga viwili, pilipili manga kimoja, oregano kimoja, na taimu kidogo. Ukitumia mchanganyiko wa Cajun wa dukani, soma pembeni ya kopo kwanza. Mingi inaanza na chumvi katika orodha yake, kwa hiyo punguza ile uliyopima.

Limau bado. Limau na siki visubiri. Karanga ni jamii ya kunde, na asidi ikiingia mapema inazuia ganda na punje kulainika. Utachemsha hadi uchoke na zitabaki ngumu katikati. Chumvi haina tatizo hilo, itie tangu mwanzo. Maji ya kisima yenye madini mengi nayo yanachelewesha kulainika, basi ukiwa eneo la maji magumu ongeza muda usihangaike.

Zikiingia kwenye maji zitaelea zote. Ndani ya kila ganda mna hewa. Nageuza sahani nzito juu yake ili zizame, zikichemka vizuri napunguza moto, nafunika nikiacha upenyo. Fungua madirisha. Mvuke wa pilipili unabeba ukali wake, na jikoni mtu atakohoa, macho yatachoma kidogo. Kila baada ya nusu saa hivi nakoroga kuanzia chini, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki vizuri kwenye maji, unapenda mafuta, na usipokoroga utakusanyika juu kwenye ule utando mwekundu wakati karanga za chini zinapata chumvi tu. Maji yakipungua naongeza ya moto.

Baada ya saa mbili naanza kuonja. Katika hatua hii sitafuti ladha, nasikilizia jino. Punje inatakiwa ilainike kama maharage yaliyoiva: ishike umbo lake lakini ikubali kubonyea kati ya ulimi na kaakaa. Ikiwa na mlio wa kukatika, bado. Mbichi hasa huchukua saa mbili hadi tatu. Kuna watu wanazipenda zimerojeka kabisa, wanafika saa nne. Ni hiari yao.

Hapo nazima. Nakamua malimau mawili, natumbukiza na maganda yake, natia pilipili kichaa chache nilizozichana, nafunika. Hapo ndipo upishi wa Cajun unapoanza.

Wakati wa kuchemka, hewa iliyo ndani ya ganda imetanuka na nafasi imejaa mvuke. Mvuke unasukuma kwenda nje, kwa hiyo mchuzi unaingia kwa shida. Ukizima moto, mvuke ule unapoa na kugeuka tone la maji, ndani ya ganda panabaki utupu, na utupu huo unavuta mchuzi kupitia vitundu vya ganda na kwenye ule mshono wa ncha. Ganda linajaa. Ndiyo maana karanga zilizokuwa zikikushinda kuzizamisha zinaanza kushuka zenyewe. Toa sahani uone: saa ya kwanza nyingi bado ziko juu; zinavyopoa zinazama kundi kwa kundi, na zikizama nyingi ujue zimekunywa.

Onja moja mara tu ukizima. Ina chumvi, ina harufu, lakini pilipili iko kwenye midomo tu, imetoka kwenye ganda uliloshika. Onja nyingine baada ya nusu saa. Ukali umeingia kwenye mchuzi ulio ndani ya ganda. Onja baada ya saa moja na nusu: sasa uko ndani ya punje yenyewe, unakuja taratibu ukiwa umeshameza, unapanda nyuma ya koo. Karanga ina mafuta karibu nusu ya uzito wake inapokuwa kavu, na mafuta hayo ndiyo yanayoushika ukali na kuutunza. Kwa sababu hiyo sioni maana ya kuongeza pilipili katikati ya kuchemka ukidhani haijakolea. Haijakolea kwa kuwa haijalowa.

Hapa Clarkston, karibu na Atlanta, tunaishi watu wa kila nchi, na jengo letu lina familia nyingi za Kongo na Burundi. Mama mmoja wa Bukavu alinikuta nikitaka kuchuja zangu mapema kwa kuwa wageni walikuwa wameshafika. Akanishika mkono: "Dada, usizitoshe sasa, acha zilale mu mayi." Hakuwa ameishi Louisiana wala hakuwa na habari za Cajun. Amechemsha karanga maisha yake yote, basi.

Zikishapoa kiasi cha kugusika, mimi huzihamishia pamoja na mchuzi wake kwenye chombo cha kioo au cha plastiki ya chakula na kuziingiza kwenye friji zilale humo usiku kucha. Usiziache mezani hadi asubuhi. Ni chakula chenye maji na protini, kinachacha upesi, na chumvi hii haitoshi kukilinda. Na ukipikia sufuria ya alumini, kama zilizo nyingi kwetu, usiloweke humo humo. Chumvi na limau vinakula alumini na kuacha ladha ya chuma. Kesho yake nazipasha moto zikiwa kwenye mchuzi wake, na hizo ndizo ninazoziita zimeiva. Za siku ya kwanza ni za wenye haraka.

Kwa aliye Dar, Nairobi, Mombasa au Bujumbura: subiri msimu wa kung'oa ndipo utafute mbichi. Nje ya msimu, tafuta karanga kavu zenye maganda, ambazo hazijakaangwa. Hizo ziloweke kwenye maji usiku mzima kwanza, kisha ujiandae kwa saa sita, nane, au zaidi. Kwa bei ya mkaa na gesi hilo ni gharama, na hapo sufuria ya presha inalipa: mbichi dakika 45 hadi saa moja, kavu zilizolowekwa saa moja na nusu hivi. Usiijaze kupita nusu, iache presha ishuke yenyewe, halafu ziache karanga ndani bila kufungua. Sufuria ya presha inafupisha kuchemsha. Kuloweka hakufupishiki, saa zake ni zile zile. Haradali, giligilani na majani ya bay utavipata kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, na kwa Dar soko la Kisutu halikosi. Ukiwa na karanga zilizokwisha kumenywa, zinapikika kwa saa moja hivi, ila ujue hakuna ganda la kubeba mchuzi. Utapata karanga yenye viungo, hutapata ule mmiminiko.

Namna ya kula haina adabu nyingi. Bakuli la karanga na mchuzi wake katikati, bakuli tupu la maganda pembeni, taulo la kufutia mikono. Unaipeleka mdomoni nzima, unaibana kwenye mshono kwa meno ya mbele, unafyonza mchuzi kwanza, ndipo unafungua. Anayeifungua kwa vidole mbali na mdomo anaumwaga mchuzi uliosubiriwa tangu jana. Watoto wapewe zile za juu zisizokolea sana, na kabla ya kumkaribisha mgeni muulize kama ana mzio wa karanga, maana kuchemsha hakuondoi hatari hiyo.

Kwenye friji, ndani ya mchuzi wake, zinakaa vizuri siku tano, na kila siku zinazidi ukali. Kuanzia ya tatu nawatahadharisha watu. Zinazozidi nazigandisha pamoja na mchuzi kwenye mifuko midogo. Mchuzi uliobaki siutumii kuchemshia karanga nyingine, umeshatoa harufu yake na chumvi imezidi.

Na zile za chini ya bakuli, zilizokolea hadi hakuna anayezimaliza, usizitupe. Zimenye, zisuuze haraka kwa maji ya uvuguvugu, zitwange kwenye kinu hadi zianze kutoa mafuta. Kisha zitie kwenye kisamvu, au kwenye mchicha kama kisamvu hakipatikani, pamoja na tui la nazi, bila chumvi nyingine. Wiki iliyopita nilipika hivyo na ugali, na yule mzee jirani alirudisha bakuli akaniuliza majani yale ni ya mmea gani na kama yanaota Georgia.